Nani Alibaini? Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Maabara za Watu na Teknolojia

Kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Moshi na Arusha, wakuu wa idara za tehama, na ninyi nyote mnaosimamia maabara zinazochunguza jinsi watu wanavyotumia simu, kompyuta na programu.

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kutoka Pasua, Moshi. Masika imeshika, Mlima haujaonekana wiki ya pili hii, na njia za kule Uru zinateleza kama mlenda. Huu ndio msimu ambao hamji. Miradi yenu huanza Juni, barabara zikishakauka na wageni wenu wa ng'ambo wakiwa wamefunga vyuo. Mimi niko hapa mwaka mzima, kwa hiyo nimeona niandike sasa, wakati sina posho ya mtu ya kuhofia.

Mimi ni mtafiti msaidizi. Wengine mnatuita wadadisi, wengine wakalimani, na mhasibu mmoja aliwahi kuniandika kwenye hati ya malipo "kibarua wa data", jina ambalo kusema kweli halikunikera, maana angalau lilitaja kazi. Huu ni mwaka wangu wa saba. Nimebeba madodoso ya karatasi, nikabeba vishikwambi, nikabeba simu za majaribio ndani ya kapu la ndizi ili vijana wa stendi wasizitolee macho. Nimekaa majikoni mwa watu nikimwomba mama wa nyumba aseme kwa sauti kila anachowaza anapobonyeza simu, moshi wa kuni unatutoa machozi sote wawili. Huku programu yenu, huku mtu, na katikati nimekaa mimi.

Mwaka jana nilialikwa kwenye uzinduzi wa maabara moja, siitaji. Koridoni palikuwa na ubao wa picha umeandikwa "Wanamaabara". Mkuu wa maabara yupo, watafiti waandamizi wapo, wanafunzi wa uzamivu na uzamili wapo, na washirika watatu wa ng'ambo, wawili kati yao sijawahi kuwatia machoni hapa Moshi. Mtunza vifaa naye yumo, na anastahili. Nikaanza kutafuta sura ya mmoja wetu. Mradi ule ulikuwa na watu sita walioingia nyumbani kwa watu, nyumba kwa nyumba, kwa miezi mitano. Hakuna hata mmoja. Mwanafunzi aliyeniona nimeganda pale akataka kunichekesha, akanionyesha kwenye simu yake picha ya ubao wa maabara ya ng'ambo alikowahi kwenda. Mmoja wa wanachama pale ni mbwa. Picha kapigwa, na cheo kapewa. Nilicheka sana. Nilipopanda bodaboda kurudi nyumbani sikucheka tena.

Sasa msidhani nadai picha. Nina jambo moja tu, na linaanzia kwenye neno moja la ripoti zenu: ilibainika.

Ilibainika kuwa washiriki wengi huhesabu saa kwa mtindo wa Kiswahili. Ilibainika kuwa neno fulani halieleweki. Madodoso yalitafsiriwa. Washiriki walielekezwa. Kiswahili kimejaliwa kauli ya kutendwa, unaweza kusimulia harusi nzima usimtaje bibi harusi. Lakini mwalimu wangu wa shule ya msingi alitufundisha kwamba pasipo mtenda hakuna tendo. Basi naomba kuuliza, kwa heshima zote: nani alibaini?

Hiyo ya saa naijua maana niliishi nayo. Mradi ulikuwa wa programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa kwa wakati. Tukawapitia, tukawauliza wanameza saa ngapi, wengi wakasema saa mbili, baada ya chai. Tukaandika saa 2, kama anavyoandika Mtanzania yeyote. Fomu zikapigwa picha, zikatumwa kwa mtu wa kompyuta huko mbali, naye akaingiza 02:00, kama anavyoingiza mtu yeyote wa huko. Hakuna aliyekosea na wote tulikosea. Matokeo yake, saa nane usiku simu ya mama mmoja hapa Pasua ikaita kwa mlio wa juu na sauti ya msichana ikasema ni wakati wa dawa. Mzee wake akaamka anauliza ni nani huyo anayempigia mke wa mtu usiku wa manane kumpangia mambo ya dawa. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu simu ikafungiwa kabatini ndani ya sufuria.

Mama yule hakupiga namba iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Ile ilianza na alama ya kujumlisha na tarakimu za nchi asiyoijua. Alinipigia mimi. Nikazunguka nyumba zote za Pasua na Njoro kwa miguu, nikakuta hali ni ile ile, nikarekebisha simu moja baada ya nyingine, nikaandika kwenye daftari langu nani aliamshwa, siku ngapi, na alifanya nini na simu baada ya hapo. Daftari nikalikabidhi. Katika ripoti, ukurasa mzima ulitokana na daftari lile, na ulikuwa ukurasa mzuri, nausifu. Ulianza na neno "ilibainika".

Ningekuwa nasimulia kisa kimoja ningenyamaza. Sayansi yenu nzima, kwa jinsi ninavyoiona nikiwa kwenye kigoda cha jikoni, inasimama juu ya mambo ya namna hii, na mambo haya hayajitokezi mbele ya kamera.

Chukueni suala la kusindikiza. Mgeni akija Kibosho hupewa kiti kizuri, hupewa ndizi, na akionyesha kitu alichokuja nacho kitasifiwa. Ukimuuliza bibi wa miaka sabini kama programu ya profesa ni rahisi, atasema ni nzuri sana, Mungu awabariki. Kinasa sauti kinachukua hayo, mwanafunzi anaweka tiki. Kisha tunaaga. Wageni wanatangulia kwenye gari, bibi ananisindikiza hadi pale kihamba, shamba lake la migomba, kinapoishia, ameshika kiganja changu, na hapo ndipo anaposema: "Mjukuu wangu, ile kitu yenu sijaielewa hata kidogo, nilikuwa nabonyeza tu." Kinasa sauti kimeshazimwa. Ukweli wa siku nzima umesemwa kwenye hatua hamsini za kusindikizana, kwa Kichaga, kwa mtu asiye kwenye orodha.

Na hili halihitaji ushahidi wangu. Mwaka 2012 mtafiti Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Bangalore, India, kwa watu 450. Waliwaonyesha watu vitu viwili na kuwauliza kipi bora. Mhojiwa akiamini kimoja kimetengenezwa na anayemhoji, alikuwa na uwezekano wa mara 2.5 zaidi wa kukichagua hicho, hata pale vyote viwili vilipokuwa sawasawa. Anayehoji akiwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, ikapanda hadi mara 5. Sisomi sana majarida, hilo nilisomewa na msimamizi mmoja ndani ya gari tukitoka Machame, na nilimwomba arudie tarakimu. Mara tano! Halafu mtu anayejua jinsi ya kuishusha hiyo tano irudi chini, anayejua wakati wa kumwambia mgeni akae kwenye gari, mnamwandika "mkalimani" na mnamlipa kwa siku.

Kuhusu lugha nitapita haraka, ingawa mwenzangu anayefanya kazi Monduli angeniambia nikae hapo mchana kutwa. Yeye hutafsiri mara mbili, Kiingereza kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kimaasai, na kurudi. Mimi yangu ni madogo. Soko la Mbuyuni, mama muuza nyanya alikwama mbele ya kitufe kilichoandikwa "Ghairi". Hakukibonyeza, wala hakuendelea mbele. Nilipomuuliza akasema anaogopa kukatwa hela: alidhani ghairi ni gharama. Kwenye mradi mwingine fomu ya ridhaa ilimwita mgonjwa "mtumiaji wa dawa", na mzee mmoja, mcha Mungu, mzee wa kanisa, aliirudisha fomu kwa vidole viwili akisema yeye hajawahi kutumia dawa za kulevya hata ujanani. Na vile viwango vyenu vitano, kuanzia sikubali kabisa hadi nakubali sana, watu walikuwa wanacheka. Mtu anakubali au hakubali! Nikaanza kubeba vizibo vitano vya soda mfukoni: weka vizibo vingi kadiri ulivyopenda. Vikafanya kazi. Ripoti ikasema kilitumika "kipimo kilichorekebishwa kwa mazingira". Vizibo vile ninavyo bado, kama kuna anayetaka kumwona mrekebishaji.

Mnaweza kusema haya ni manung'uniko ya vibarua, hayahusu elimu. Tazameni elimu yenu ilikotoka. Huko Palo Alto, Marekani, kampuni ya mashine za fotokopi ilianzisha kituo cha utafiti mwaka 1970, Xerox PARC, kikajaa wahandisi na watu wa fizikia. Baadaye kikampokea mwanaanthropolojia, Lucy Suchman. Hebu fikirini, mtu wa mila na desturi kwenye nyumba ya mashine. Kazi yake ikawa kuwapiga picha za video watu wakihangaika na mashine ya fotokopi. Kwenye mkanda mmoja kuna wanaume wawili wanashindwa kabisa kutoa nakala za pande mbili. Mmoja ni Ronald Kaplan, mtaalamu wa kompyuta na lugha. Wa pili ni Allen Newell, mmoja wa waasisi wa taaluma ya akili bandia, aliyepata Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1975. Suchman alionyesha kwamba tatizo si ujinga wa mtu, ila mashine haioni kile ambacho mtu anakifanya hasa, inaona vitufe tu. Kwa hiyo, waheshimiwa, kama Newell alishindwa na fotokopi, mama wa Mbuyuni akishindwa na menyu yenu msiandike tena "uelewa mdogo wa washiriki".

Ninachokiona mimi pale ni kwamba maabara ilipata macho mapya ilipomhesabu kuwa mwenzao mtu ambaye hakuwa wa aina yao. Wangemweka mlangoni kama mpiga video wa kukodi, video zingekuwapo na maana isingekuwapo.

Sisemi ugonjwa wa majina ni wetu peke yetu. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kipanya cha kompyuta, na jina lake mnalifundisha darasani. Kipanya cha kwanza chenyewe kiliundwa na mhandisi Bill English kutokana na wazo la Engelbart, na siku ile ya maonyesho English ndiye aliyekuwa anahangaika na mitambo nyuma. Ulizeni darasani kwenu wangapi wanamjua.

Lakini kwetu tuna mfano mzuri kuliko huo, na uko juu tu ya mji huu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu Magamba, Tanga, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwambia mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa tu. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwalimu mwingine, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya mzaha. Akiwa huko huko Mkwawa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtu wa fizikia. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala, majina mawili: Mpemba kwanza, Osborne wa pili. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, Chuo cha Wanyamapori, hapo unapoishia na daladala. Na sehemu ya kwanza ya makala ile ameisimulia yeye mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, tangu maziwa hadi kucheka kwa wenzake. Hakuna "iligunduliwa".

Angekuwa na Osborne wa sura nyingine tungesoma leo kwamba "mwanafunzi mmoja wa huko alidokeza".

Nakuja kwenye lile ambalo najua litawauma baadhi ya wenzangu. Kuna wasaidizi wanaopika data. Wanakaa chini ya mwembe na madodoso ishirini, wanabadilisha kalamu, wanabadilisha mwandiko, jioni wanarudisha yamejaa. Nimewaona. Kishikwambi kimepunguza kwa kuwa kinarekodi mahali ulipo, lakini mtu akiamua kupika atapika hata akiwa amekaa kwenye kibaraza cha mhojiwa. Mnajua, ndiyo maana mna wakaguzi wa kupiga simu za kushtukiza. Lakini jiulizeni mtu ambaye jina lake halitatokea popote, si kwenye sifa wala kwenye lawama, ana sababu gani ya kupanda mlima mara ya tatu kumfuata mzee ambaye mara mbili hakumkuta. Nikipanda mimi ni kwa sababu nawajua wazee wale na wao wananijua. Hicho si kitu mlichonipa ninyi. Mkiniandika jina, mmenishika pia. Ripoti ikikutwa na uongo, swali la nani alibaini litakuwa na mtu wa kulijibu.

Mtaani, kwa taarifa yenu, maabara ni mimi. Mradi ukifungwa na namba ya huduma ikifa, hawasemi chuo kimeondoka. Wanasema "yule dada wa simu kapotea". Kanisani nimewahi kuulizwa mbele ya watu lini zile simu zitarudi. Kwenye simu yangu mimi binafsi zimo namba za mamia ya watu, na najua nani ana presha, nani anameza dawa kwa kificho, nani anamficha mumewe salio. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Maabara moja iliendesha semina nzuri ya siku mbili kuhusu sheria hiyo, na chakula kilikuwepo. Walioalikwa ni wanamaabara. Sisi tunaozitembeza hizo taarifa kwenye vifodi hatukualikwa, kwa kuwa si wanamaabara. Sina la kuongeza hapo.

Jibu ambalo nimelizoea ni "si mlilipwa?" Tulilipwa, ingawa posho ya mwisho mara nyingi huja baada ya kukumbushana sana. Profesa naye hulipwa, kila mwezi, na sijasikia jina lake likiondolewa kwa sababu hiyo. Jibu jingine ni la kitaalamu zaidi, kwamba kuwa mwandishi kuna masharti, lazima mtu ashiriki kuandika. Sawa. Lakini mbona hatuitwi siku ya kuandika? Masharti yanatuacha nje kwa mlango mlioufunga wenyewe. Na hata bila uandishi, majarida mengi sasa yana orodha ya majukumu 14 ya kuonyesha nani alifanya nini kwenye utafiti, na moja ya hayo ni kukusanya data na ushahidi. Mara nyingi kisanduku hicho hujazwa jina la mtu aliyekuwa ofisini.

Haya si mambo ya mbinguni, nimeyaona yakifanyika. Miaka mitatu iliyopita alikuja mwanafunzi wa uzamivu kutoka upande wa Arusha, anataka kutengeneza programu ya kutunza hesabu za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu, alituita wasaidizi wanne, tukakaa naye siku mbili nyuma ya ofisi ya mtaa, na maandazi kanunua kwa hela yake. Akatuambia mpango wake: mweka hazina atakuwa na nywila, ataingiza hesabu, wengine watasoma. Tukatazamana. Mmoja wetu, ambaye yeye mwenyewe ni mwanachama wa kikundi Majengo, akamuuliza kama amewahi kuliona sanduku la kikundi. Hakuwa amewahi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu, kila moja kwa mama tofauti, wa nne ndiye anayekaa na sanduku. Halifunguki hadi wote wakutane. Ukimpa mtu mmoja nywila umevunja sanduku. Hata kama hela hazitaibiwa, siku hiyo hiyo maneno yataanza, na maneno ndiyo yanayoua kikundi.

Yule binti hakubisha. Alikunja karatasi zake, kesho yake akaja na nyingine: nywila tatu, simu tatu, na hesabu haifunguki hadi zote tatu zimeingizwa kikaoni. Wale kina mama walipoiona hawakusema "nzuri, Mungu awabariki". Walianza kugombana ni nani atashika ya kwanza, na hapo tukajua imeeleweka. Kwenye kazi yake alieleza kwamba wazo la nywila tatu lilitoka kwa nani, siku gani, kwa maneno gani. Majina yetu yote manne yamo. Langu limekosewa herufi moja. Ukurasa ule nimeutoa fotokopi, uko ndani ya Biblia.

Kwa hiyo ninaloomba linafanana na alilofanya mwanafunzi mmoja kwa gharama ya maandazi. Tuandikeni wanamaabara kwa muda wa mradi, kwa cheo chochote, hata kiwe kirefu na kibovu. Tuiteni kabla programu haijatengenezwa, maana ikishatengenezwa mnatuita kuja kuitetea kwa majirani zetu, na kazi hiyo ni nzito kuliko kuhoji. Mtu mmoja wetu akae kwenye chumba siku matokeo yanapotafutiwa maana, mtashangaa ni sentensi ngapi zitabadilika. Na mradi ukiisha, mtupe barua ya kueleza tulifanya nini, yenye mhuri, maana nimeomba kazi mahali tatu na mara zote tatu nimeulizwa uthibitisho wa miaka saba, nikatoa vizibo vya soda. (Natania. Nilitoa kadi za kuvaa shingoni, na hazikukubaliwa.)

Ninyi mlio kwenye kamati za maadili nanyi msijifiche nyuma. Mnauliza kwa makini jinsi mshiriki atakavyolindwa, na mnafanya vyema. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu yenu ya maombi: ni akina nani watakaokutana na washiriki uso kwa uso, na majina yao yatatokea wapi. Mshiriki tunamficha jina kwa kumlinda. Msaidizi anafichwa ili kumlinda nani?

Na wafadhili wa miradi wakiuliza gharama, waambieni jina halina gharama. Semina ya sheria ya taarifa kwa watu sita zaidi ni sahani sita za wali.

Mtaniuliza mbona barua inayodai majina haina jina. Juni inakaribia, na bado naishi kwa posho zenu. Lakini jina langu mnalo. Limo kwenye hati zenu za malipo, ukurasa baada ya ukurasa, sahihi yangu mbele yake, na namba ile ile ya simu ambayo yule mama wa saa nane usiku bado anaipiga.

Wenu katika kazi,

Mtafiti msaidizi
Pasua, Moshi